Wifi Yake Mwalimu

Griselda Mamani aliyatamka maneno yale siku Nayra, binti wa kaka yake, alipokatwa nywele za kwanza, ukoo mzima ukiwa uani, kila ndugu akikata kishungi kwa zamu. Mtoto alikuwa anakaribia miaka mitatu. Zamu ya Griselda ilipofika, alishika kishungi kimoja, akakikata, kisha akamgeukia mama mtu, Zenaida.

"Wifi, huyu mpaka leo hata maji hajui kuomba? Basi kichwa amerithi kwako. Darasani kwangu usiniletee, mpeleke akachunge llama."

Watu wakacheka. Hata Fermín, mumewe Zenaida na kaka yake Griselda, alicheka, kisha akajifanya anakohoa.

Zenaida Choque aliishia darasa la pili. Alikuwa muuza viazi vya kukaushwa katika soko la Oruro, na wifi yake ndiye mwalimu wa chekechea wa mtaa. Akaendelea kumimina chicha, pombe ya mahindi, kwenye vikombe. Ila maneno yale yalimkaa kooni kama mfupa wa kuku.

Wiki ile ile manispaa ilitangaza namba ya simu kwa wazazi wenye watoto wadogo. Ukiitumia salamu, inakujibu yenyewe kwa sauti ya kike na kukupa mchezo wa kumfundisha mwanao siku hiyo. Hakuna mtu nyuma yake, ni mashine tu, lakini akina mama wa sokoni waliipa jina: Shoga.

"Leo tenganisha vitu vikubwa na vidogo," Shoga alisema. "Mpe mtoto nafasi ya kujibu. Usimharakishe."

Zenaida akamwaga gunia la viazi sakafuni. "Kikubwa kiko wapi, mwanangu?" Nayra alimtazama tu. Kesho yake vivyo hivyo, na kesho kutwa. Mama alisubiri ameuma meno, akiona mbele yake uso wa Griselda unaocheka. Siku ya kumi na saba mtoto aliokota kiazi kikubwa kuliko vyote, akasema, "Hiki." Zenaida alimkumbatia, na jambo la kwanza lililomjia moyoni ni: ngoja, wewe mwanamke, utaona.

Wakahamia kwenye rangi za nyuzi za sufu, kisha nyimbo, kisha kuhesabu. Mwaka ulipokwisha Nayra alikuwa haachi kuongea.

Siku moja Shoga alileta swali jipya. "Mwalimu wa mtaa anatakiwa kumtembelea kila mtoto nyumbani mara moja kwa mwezi. Je, alikuja kwako? Bonyeza moja kwa ndiyo, mbili kwa hapana."

Zenaida alilisikiliza swali mara tatu. Griselda hakuwahi kukanyaga kwake kufundisha, wala kwa jirani yeyote. Akabonyeza mbili, taratibu, kama mtu anayeonja asali. Halafu akafunga kibanda na kwenda kwa wenzake, meza hadi meza.

"Mimi simo," alisema Eulogia wa maharage. "Yule ni wifi yako. Mkipatana kesho, mtanigeuka mimi."

"Alikuja kwako?"

"Hakuja."

"Basi bonyeza mbili. Nimekuomba useme uongo?"

Eulogia akabonyeza. Wanawake kumi na mmoja wakabonyeza.

Mkaguzi wa manispaa alipotangazwa kuja, Griselda alifika kibandani kwa Zenaida kwa mara ya kwanza, kofia mkononi.

"Wifi yangu, waambie mlikosea kubonyeza. Sisi ni ukoo mmoja."

"Kichwa changu kizito, wifi. Hizo namba zilinishinda. Nitajulia wapi kama tulikosea?"

"Unanilipizia maneno ya siku moja?"

"Ya siku moja kwako," Zenaida alisema, akaanza kumpimia mteja viazi.

Mkaguzi aliwakusanya akina mama na watoto wao darasani. Griselda akatoa daftari la ziara, limejaa. Kwenye jina la Nayra alikuwa ameandika: hasemi, hajui rangi. Mkaguzi akachuchumaa mbele ya mtoto. "Shangazi huja kwenu kukufundisha?"

"Shangazi haji," Nayra alisema kwa sauti safi. "Kwetu anafundisha mama na Shoga. Wewe kofia yako ya kijani."

Hakuna aliyecheka. Mwezi uliofuata Griselda alihamishiwa kijiji cha mbali, kando ya jangwa la chumvi. Mama mkwe aliapa kutokula tena chakula cha Zenaida, na Fermín alilala wiki nzima amempa mgongo. Zenaida alilala usingizi mzito.

Lakini hakutosheka. Kila Ijumaa alimrekodi Nayra akiimba au akihesabu, akamtumia wifi yake.

"Mwache sasa," Fermín alimwambia. "Umeshashinda."

"Namsalimia tu."

Miezi minne Griselda alisikiliza bila kujibu. Ijumaa moja Nayra alihesabu hadi thelathini, na safari hii jibu likaja, sauti kavu ya mwalimu: "Kumi na tisa ameiruka."

Zenaida akairudia rekodi akitafuta uongo. Hakuupata. Mtoto alitoka kumi na nane akaingia ishirini. Masikio yakamwaka moto. Akamwaga viazi sakafuni, akamwita Nayra, na hawakuinuka pale mpaka kumi na tisa ilipokaa mahali pake. Kisha akarekodi upya, akatuma, akakaa ameikodolea macho simu, akingoja jibu la mwalimu.