Nyasi za Koko

Ukungu wa kule juu, ng'ambo ya kreta, bado huniingia ndotoni. Huanza na baridi ya miguu, kisha kengele ya ng'ombe nisiyemwona, halafu sauti ya mwanamke mzee ikiniita: "Mmbulu! Wewe Mmbulu!" Nikizinduka najikuta kwangu Endabash, jogoo anawika na mbaazi ziko palepale nje ya dirisha. Hapo hukaa kitandani kidogo, nina furaha na nina aibu, vyote kwa pamoja.

Nilikuwa mwinjilisti. Mchungaji wetu wa Karatu alinituma kwenye boma moja la wafugaji, nikae nao, niwafundishe, niwapate watu wa kumfuata Yesu. Chuo cha Biblia nilikuwa nimekimaliza juzi tu, na nilijiona nimefika. Nilichotaka kilikuwa kimoja: nirudi kwa mchungaji na mwanafunzi hata mmoja, niseme, huyu hapa.

Jumapili walikuja wanawake wachache wakishakamua. Kati yao aliyesikiliza kwa dhati alikuwa bibi mmoja ambaye boma zima lilimwita koko, yaani bibi kwa Kimaasai, nami nikamwita hivyo. Alinyoosha miguu nyasini, akavuta ugoro wake, akaniuliza maswali ya kunitoa jasho.

"Huyo Yesu alikuwa na ng'ombe?"

"Hapana, koko."

"Sasa alikunywa nini?"

Nikamweleza kwamba alikwenda nyumba kwa nyumba, akala alichopewa. Koko akavuta ugoro tena.

"Basi aliwapenda watu sana," akasema. "Mtu asiye na ng'ombe, kila siku akubali kupewa maziwa na wengine, hiyo ni kazi ngumu."

Hilo sikulisikia chuoni. Nililiandika kwenye daftari kana kwamba nimelitunga mimi.

Tulikutana kwa ibada nje ya boma, mahali tambarare penye nyasi fupi, laini, zilizolowa umande karibu mwaka mzima. Nami ni Mmbulu, mtoto wa wakulima. Mama yangu hakukubali mgeni akute jani uani. Kila Jumamosi tulipalilia na kufagia mpaka udongo mwekundu ukang'aa, na sala ya jumuiya ikafanyika hapo. Kwetu uwanja mtupu ndio heshima yenyewe. Basi Jumamosi moja, wenyeji wakiwa mbali na mifugo, nikachukua jembe nililotoka nalo nyumbani nikaanza kukwangua. Ukungu ulinizunguka pande zote, nikawa kama mtu aliyebaki peke yake duniani, najiimbia na kukwangua, mpaka jua lilipotokeza likakuta duara zuri la udongo mtupu. Jamani, nilivyofurahi siku ile! Nilikuwa na hakika Mungu ananitazama na kutabasamu.

Jumapili hakuja mtu. Nikagonga kipande cha chuma tulichokifanya kengele, nikangoja, nikagonga tena. Wanawake walipita na punda wakienda majini, wakauzunguka uwanja wangu kwa mbali, wala hawakugeuza shingo. Jumapili ya pili hali ikawa ileile. Nikapandwa na hasira. Nikasema moyoni kwamba watu hawa wana mioyo migumu, nikaanza kufunga begi langu.

Alasiri ile koko akaja. Nikamsalimu, "Takwenya, koko." Akaitikia, "Iko," kwa sauti ndogo, wala hakuketi.

"Mmbulu, nani amekufa?"

"Hakufa mtu, koko."

"Mbona umefukua ardhi?"

Nikaanza kujitetea. Nikamwambia sikulima, najua huku hifadhini kulima hakuruhusiwi. Nilisafisha tu, ili Mungu akute mahali pazuri.

"Majani aliyaweka Mungu," akasema. "Ng'ombe wanaishi kwa hayo, na sisi tunaishi kwa ng'ombe. Mvua ikikataa tunayafunga kwenye nguo zetu tukimwomba. Wewe umeyaona uchafu." Kisha akaniinamia. "Si ulituambia mwenyewe? Watu walikuwa wengi, wana njaa, na Yesu akawaketisha kwenye majani ndipo akawalisha. Alishika jembe kwanza?"

Habari ile nilikuwa nimewasomea mwenyewe, tena kwa madaha, na jani nisilione. Nilijipalia makaa kwa mikono yangu, na niliona aibu mpaka masikio yakaungua.

"Kesho asubuhi," akasema, "wazee wakikaa kabla ya kutoa ng'ombe, njoo nyuma yangu. Usiseme neno."

Asubuhi hiyo ndiyo inayonirudia ndotoni. Ukungu ulikuwa mzito hata boma lenyewe halikuonekana. Koko aling'oa nyasi, akazitia mkononi mwangu, akatangulia. Nilifuata shuka lake, na liliponipotea nilifuata mlio wa bangili zake. Mimi niliyetumwa ili watu wanifuate! Tulipofika mbele ya wazee niliinua mkono wenye nyasi, maana kwao anayeomba amani huja hivyo, na ni vigumu kumkatalia. Koko akanisemea, maneno mengi, nami nikaelewa nusu. Mwishowe mzee mmoja akacheka, wengine nao wakacheka, na maziwa yakanyunyizwa juu ya lile duara langu. Wakaniambia niuache udongo upumzike, mvua itaponya.

Tulianza tena, hatua chache pembeni, na koko ndiye aliyeketi wa kwanza. Nilianza kumwandaa kwa ubatizo. Lakini kiangazi kikakaza, na mwanawe akaja kumchukua wahamie Arash kwenye malisho. Aliondoka alfajiri na punda wake, hata kuagana hatukuagana vizuri. Haukupita muda baba yangu akaugua, nikarudi Endabash kushika shamba. Mchungaji aliponiuliza nimepata wanafunzi wangapi, nilimjibu, "Hakuna." Neno hilo nimelala nalo miaka mingi.

Mwaka jana nilimsindikiza jirani yangu kwenda Arash kutafuta dume la kulimia. Jumapili tukasikia kuimba. Nikasogea, nikakuta watu wameketi kwenye nyasi, hakuna jengo wala benchi, nikakaa nyuma kabisa. Ulipofika wakati wa kuomba kila mmoja aling'oa jani moja akalishika. Mama aliyekaa karibu nami aliona mkono wangu mtupu, akang'oa jani akanipa.

"Wewe ni mgeni," akaninong'oneza. "Hivi tulifundishwa na koko wetu. Alibatizwa hapahapa, na sasa amelala katika Bwana. Tunaombea wagonjwa, tunaombea mvua, halafu tunamwombea Mmbulu."

"Mmbulu gani?"

"Hatumjui. Koko alisema kwamba habari za Yesu alizisikia kwa huyo, lakini hakuamini mpaka asubuhi alipomwona anakuja na majani mkononi kuomba msamaha. Alituambia tusiache kumwombea, asije akachoka njiani."

Nilifungua mdomo nimwambie. Lakini maombi yakaanza, na nashukuru yalinikatiza. Wakaombea wagonjwa. Wakaombea mvua. Kisha sauti zikashuka, wakaanza kumwombea yule Mmbulu, kwa Kimaasai na kwa Kiswahili, nami nikainamisha kichwa, nikalifumba lile jani kiganjani, nikaombewa. Amina yangu ilitoka ya mwisho.