Kozi Inayomzungumzia Janeffer Bila Kumjua

Umande haujakauka, na Janeffer Chepkosgei tayari amefunga aproni yake ya plastiki kiunoni. Vidole vinachuma majani mawili ya chai na kichipukizi, vinarusha kwenye kikapu mgongoni, vinarudi. Wachumaji wenzake wako juu karibu na barabara, wakipashana umbea wa soko la Roret. Yeye yuko kule chini, mbali nao, waya wa simu sikioni.

Sauti anayoisikiliza ni ya mwalimu wa kozi ya mtandaoni kuhusu usonji, hali ambayo mtu huzaliwa nayo na inayomfanya ahisi sauti, mguso na watu kwa namna yake. Somo analolirudia leo ni jinsi ya kuishi na mtu wa aina hiyo nyumbani.

"Wananiongelea kama siko," amwambia mwandishi wa gazeti anayemhoji, macho yakiwa kwenye majani. "Kila saa ni 'hawa watu, hawa watu'. Mimi ndio hawa watu."

Ana miaka thelathini na sita. Mwaka jana daktari mmoja mjini Kericho alimpima akamthibitishia kwamba ana usonji. Kabla ya hapo alikuwa ameitwa mwenye maringo, mwenye mapepo, na mengine yasiyoandikika gazetini. Hayo yote aliyameza. Kilichomkwama kooni ni kunyang'anywa mtoto.

Mambo yaliharibika kwenye mazishi ya baba mkwe wake, huko Mulot. Katika boma la msiba huwezi kuketi kabla hujawapa mkono wote uliowakuta, mmoja baada ya mwingine. Janeffer, ambaye kiganja cha mtu humwasha kama upupu, alipita moja kwa moja akaketi nyuma. Spika zilipoanza kunguruma, maji yakazidi unga. Aliziba masikio akakimbilia kwenye mahindi, akabaki huko mpaka mzee akazikwa.

Wakwe waliona dharau tupu. Mumewe, Isaiah Kipyegon, akamchukua binti yao Moureen, wa miaka saba, akampeleka kwa mama yake, Rebeccah.

"Mimi sina ubaya na yeye," Isaiah anasema kwa simu. "Lakini mtoto pia ameanza kuziba masikio. Anaiga mamake. Akikaa na watu wengi ataacha."

Inauma kumsikia baba akisema hivyo kwa upole namna ile. Janeffer hadhani kuna cha kuiga hapo. Anaamini binti yake amezaliwa kama alivyozaliwa yeye.

Kikao cha kwanza cha familia kiliongozwa na Hezekiah, mzee wa kanisa. Janeffer alisimama akaeleza alichoambiwa na daktari, akitumaini kwamba sasa wataelewa. Maneno yake yakageuzwa fimbo ya kumchapia.

"Si amesema na mdomo yake ako na shida ya kichwa?" aliuliza Rebeccah. "Sasa huyo atalea nani?"

Janeffer akaomba nafasi: ataisomea hali hiyo na kuleta cheti. Hezekiah akakubali. Kikao cha pili ni Jumamosi hii.

Kozi alitafutiwa na jirani yake Nyatichi, mhudumu wa afya wa kijijini. Ni ya bure, ila bando si bure, na mchumaji hulipwa takriban shilingi kumi kwa kilo. Kuna siku Janeffer amenunua bando akalala na chai ya rangi.

Masomo yote ameyamaliza. Amekwama kwenye mtihani, ambao hautoi cheti mpaka kila jibu liwe sahihi. Swali lenyewe ni hili: mtu mwenye usonji hawezi kutambua hisia za mwenzake, kweli au si kweli?

Janeffer amebonyeza "si kweli" tena na tena. Kila mara simu inamjibu kwamba amekosea. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na aliyetunga swali hilo hakuwahi hata kukikalia.

"Bonyeza tu kweli, Mama Moureen," Nyatichi amemsihi. "Chukua cheti uende. Nani atajua?"

"Mimi nitajua," alimjibu. "Na wakinisomea hiyo swali kwa kikao, niseme nini? Niseme sijui mtoto yangu akiumia?"

Jumapili iliyopita alipiga simu Mulot. Moureen alikuwa akilia nyuma ya maneno ya nyanya yake. Rebeccah akasema ni ukaidi, ameshikwa na kiburi cha mamake. Janeffer alikisikiliza kilio kile kidogo tu, akakitambua.

"Nilimwambia, mama, mtoe sweta ya sufu, inamchoma kwa shingo," anasimulia. "Akakata simu."

Anaweka kikapu chini na kwa mara ya kwanza anamtazama anayemhoji. Ataenda Jumamosi, asema, cheti kiwepo kisiwepo.

"Nitawaambia ukweli, nilianguka mtihani. Halafu niwaulize, mmoja mmoja, Moureen hulia kwa nini." Anakirudisha kikapu mgongoni. "Kama kuna mmoja anajua, nitamwachia mtoto."