Jamvi Si la Kunyoosha Mugongo

Mujukuu wangu aliwasha ubani, akatandika jamvi langu, akasimama mguu mumoja mbele ya telefone, anavuta pumzi, anaitoa. "Ni yoga, Bibi. Inanyoosha mugongo."

Harufu ile ikanikalisha tena kwa bibi yangu, kule mujini Kasongo, nikiwa mutoto. Mama alikuwa mugonjwa nyuma ya pazia. Wanawake walikaa juu ya jamvi wakifanya zikiri, wakimuita Mungu kwa pumzi moja, mpaka nikasikia jamvi linatetemeka chini ya magoti yangu. Jirani mumoja akajinyoosha, akacheka: "Hizi pumzi zinanilainisha mugongo."

Bibi akawanyamazisha wote. "Mugongo wako upeleke kwa mukandaji. Hapa tunamuombea mwanangu."

Jirani akatoka, viatu mukononi. Zikiri ikaanza upya, na nyuma ya pazia sauti ndogo ya Mama ikaitikia.

"Hiyo yoga ilitoka wapi?" nikamuuliza mujukuu.

"Kwa Wahindi. Zamani walikuwa wanaomba nayo. Sasa dunia yote inafanya, iko sport tu."

Nikakasirika kwa ajili ya Wahindi nisiowajua. "Na bibi zao walikuwa wapi, wasiwafukuze hao wa kunyoosha mugongo?"

Akaendelea kusikiliza telefone. Nikalivuta jamvi langu, naye bado amesimama mguu mumoja.