Bila Rula na Uzi wa Chaki

Mtaani walimwita Bila Rula, na jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Alikuwa mwandishi wa mabango. Wenzake walivuta uzi uliopakwa chaki juu ya ubao, wakaupiga ukaacha mstari, ndipo wakaandika. Yeye alifumba jicho moja tu, akashusha brashi, na herufi zikakaa sawasawa. Na mdomo pia alikuwa nao. "Huo uzi ni fimbo ya kipofu," aliwaambia vijana wa kazi, kisha akatia sahihi yake, Bila Rula, kwenye pembe ya chini ya bango.

Basi ugonjwa ukaja, ukaanzia kwenye kidole gumba cha kulia. Kilicheza chenyewe kila mkono ulipopumzika, na mkono ukishika brashi kinatulia, kwa hiyo fundi wetu akajidanganya kwamba dawa yake ni kazi. Uso nao ukakauka. Wateja wakadhani amenuna, wengine wakasema siku hizi anaringa. Anaringa nini, maskini wa Mungu, na hata kugeuka kitandani ni mpaka mkewe amsukume? Daktari akautaja ugonjwa wenyewe: Parkinson. Vidonge vitampa nafuu, akasema, ila havitauondoa. Njiani kurudi, fundi alimwuliza mkewe jambo moja tu, kama daktari amesema lolote kuhusu kuandika.

Kumbe herufi zilikuwa zimeshaanza kusinyaa. Neno lilianza na herufi kubwa kama kiganja, likaenda likipungua, hadi mwishoni unainama ndipo usome. Mwenyewe hakuona. Muuza vifaa vya ujenzi alirudisha bango lake, akasema kwa upole, "Fundi, hapa mwanzo natangaza biashara, hapa mwisho nanong'ona." Watu wakacheka. Yeye hakucheka, na hakuna aliyejua kama ni ugonjwa au ni uchungu. Ulikuwa uchungu. Kazi zikakatika.

Likabaki bango moja tu. Binti yake alikuwa anafungua duka la kushona nguo za shule, na alishamwambia, "Baba, langu utaandika wewe. Simtaki mtu mwingine." Fundi akajikaza kisabuni, akaandika USHONAJI, na herufi ya mwisho ikatoka ndogo kama kidonge. Akaifuta kwa mafuta ya taa. Akaandika tena, ikawa yale yale. Akaketi juu ya ndoo ya rangi, brashi ikimkaukia mkononi.

Mkewe alikuwa mlangoni anakunja nguo. Kumwonea huruma waziwazi hakuthubutu, anamjua mtu wake. Alisema tu, "Mzee, kesho mtoto anakuja kulichukua."

Fundi akasema kwa ile sauti yake ya siku hizi, ya chini mpaka usogee, "Mama, ule uzi wa wale vijana. Unaweza kunivutia?"

Mama akaupaka uzi chaki, akaufunga kwenye msumari upande mmoja, akauvuta, akaupiga. Mstari wa juu, mstari wa chini. Na herufi zikakubali. Brashi ilikwenda polepole, ikasimama, ikaenda tena, kila herufi ikafika mstari hadi mstari. Jioni bango lilikuwa tayari, na lilikuwa zuri kweli. Rangi ilipokauka mama akafuta chaki kwa kitambaa, asibakishe hata vumbi.

Kesho yake binti alikuja, akalitazama bango huku akijifuta machozi. Kisha akainama kwenye pembe ya chini, akatafuta.

"Baba, umesahau kuandika Bila Rula."

"Sijasahau," baba akasema.

Mama alikuwa amesimama nyuma yao. Kwenye kucha zake bado kulikuwa na chaki, na mikono akaificha mgongoni.