Damu ya Bolingo mu Mwili ya Bibi Yangu

Minyi niko na wivu, sifichi. Ku reli, hapa Kamina, niko citoyen Kalala, njo vile serikali inataka tuitane, muntu ya kutengeneza njia ya treni. Mu nyumba bado niko Séraphin, hata kama majina ya wazungu ilikatazwa. Bantu ya kambi ya reli banasema: "Séraphin, weye unaona wivu hata juu ya shuka ya bibi yako." Bacheke. Kama bangekuwa na bibi kama Kabedi, bangelala ku mulango.

Muntu mwenye ninamuchukia iko moja tu: Bolingo, sajenti ya base, kambi ya basoda. Jina yake yenyewe, mu Kilingala ya basoda, ni "mapenzi". Sasa unaita mutoto yako vile kwa nini? Alimutaka Kabedi mbele yangu, lakini minyi njo nilimuoa. Kila Jumapili, ku kanisa, alikuwa anamuangalia bado. Na minyi nilikuwa ninamuangalia yeye. Pasta alikuwa anahubiria hewa.

Kiisha Kabedi akaanza kutoka damu yenye haikuwa ya mwezi. Docteur Mputu akamupima, akakuta uvimbe mu shingo ya kizazi. Reli ikakubali kumutuma mbali, ng'ambo ya mpaka, kwenye iko mashini ya miali ya kuua uvimbe. Lakini docteur akakataa asiende kwanza.

"Damu yake imekwisha sana, baba Séraphin," akasema. "Akienda vile, miali itapita bule."

"Bule namna gani? Si inachoma?"

"Haichome kama moto. Sikia. Ule uvimbe iko mulafi. Inakula sukari mbio, inakua mbio kupita mishipa yake ya damu. Katikati yake hewa haifike tena. Na miali inaua muzuri penye iko hewa. Penye haiko, inajeruhi tu, na uvimbe inaamuka tena. Hewa inabebwa na damu, na damu ya bibi yako iko maji. Tumuongezee kwanza, kiisha aende."

Nikakunja shati pale pale. Bakapima: damu yangu haipatane na yake. Eh! Myaka yote mu kitanda moja, na damu zetu hazipatane! Kaka yake akakuya toka Kinkondja, na velo, baiskeli yake, kiisha na treni. Damu yake ikakutwa na maleria. Docteur akauliza ku base. Mwenye alipatana, unamujua tayari.

Nikasema hapana. Damu ya ule mwanaume izunguke mu mwili ya bibi yangu, ifike ku moyo yake, kiisha ilale pembeni yangu? Jamais, hata siku moja! Kabedi alikuwa anasikia, midomo nyeupe. Akasema polepole: "Séraphin, wivu yako itanizika." Hakulia. Akageuza uso ku ukuta.

Njo mama mukwe yangu, mama Kyabu, akanivuta inje. "Weye mutoto ya Baluba, umesahau? Bantu ya zamani balikuwa banachanjana, banalambana damu, banakuwa ndugu. Ndugu na dada habaoane, hata kuwaza ni mwiko. Na hii si kulamba, mwanangu. Hii ni chupa nzima!"

Loo! Nikacheka peke yangu kama mulevi. Nikakimbia kwa docteur: "Atoe! Atoe hata mbili!" Lakini nikatia sharti: Bolingo aape mbele yetu bote.

Akalala ku kitanda pembeni ya Kabedi, sindano mu mukono. Nikamwambia: "Sema." Akasema: "Toka leo, Kabedi ni dada yangu." Machozi ikamutoka. Soda muzima! Pale njo nilijua alikuwa anamupenda kweli, na furaha yangu yote ikaoza.

Ile chupa, pamoja na vidonge, ikamupandisha Kabedi damu. Akaenda na mama yake. Bantu ya treni bakatuletea habari: uvimbe inapunguka. Kiisha: imekwisha.

Siku ya kurudi nikavaa abacost, suti yangu ya siku kubwa, nikafika ku gare mapema. Bolingo alikuwa pale tayari. "Bokilo!" akaniita, njo vile basoda banaita shemeji. Treni ikasimama. Kabedi akashuka na miguu yake mwenyewe, mashavu imejaa, akamukumbatia Bolingo. Mbele ya bantu bote! Na nani angesema kitu? Dada anakumbatia kaka yake. Bwana hakumbatiwe ku gare, ni haya. Minyi akanipa mukono, akapiga goti kidogo, vile bibi ya heshima anafanya.

"Bwana yangu, nimerudi."

Nilitaka kumubeba, kumubusu, kupiga kelele. Nikajibu: "Karibu, mama."

"Bokilo, kamata valizi," Bolingo akasema. Nikakamata ile sanduku ya nguo. Bakatembea mbele, mukono yake ku bega ya Kabedi, na Kabedi anacheka kicheko yenye nilifikiri nitaizika. Minyi nyuma, machozi inanishuka. Mungu wangu, aksanti. Aksanti sana. Sasa mwambie atoe ule mukono.