Peremende na Bunduki Isiyo Bunduki

Ukifika kwetu ukaulizia kwa Verlin Stahlnecker, watu watakutazama kama umeuliza njia ya kwenda mwezini. Ulizia kwa Peremende. Hapo hata mbwa wa mchungaji atakuonyesha kwa mkia.

Mzee mzima, kinyozi wa mji, masharubu kama brashi ya viatu, anaitwa Peremende. Na wala hakusingiziwa. Jina alijipa mwenyewe, mchana kweupe, mbele ya mashahidi, ndani ya duka la bunduki.

Ilikuwa vuli ya 2021. Hapa bondeni kwetu, Pennsylvania, zimamoto wa kujitolea wakitaka gari jipya wanachezesha bahati nasibu ya bunduki. Unanunua tiketi, unakunywa supu ya maharage na nyama ya nguruwe, unasikiliza namba za wenzako zikiitwa, unarudi zako nyumbani. Verlin alikuwa anacheza tangu enzi nywele zake ziko kichwani, hajawahi kushinda hata kofia. Mwaka ule akashinda raifo mpya ya kuwindia, kitako cha mti wa jozi, darubini juu. Mzee alilia, ila alisema ni moshi wa jikoni.

Sasa kushinda si kubeba. Zawadi lazima ipitie dukani kwa Lamar Kratzer, mtu mkubwa kama friji, mwenye leseni ya kuuza silaha. Unajibu maswali ya serikali, unachunguzwa, ukiwa msafi ndiyo unapewa. Verlin akaenda Jumamosi, duka limejaa watu, maana msimu wa kuwinda paa uko mlangoni. Na mnajua tabia yake: hawezi kusoma kimya. Hata chupa ya shampuu anaisoma kwa sauti.

"Umewahi kutoroka mkono wa sheria? Hapana. Mkono wa mke wa kwanza, ndiyo, ila hawajauliza hilo. Je, unatumia bangi..." Akasoma tena, safari hii midomo tu. Kisha akauliza kwa ile sauti ya kinyozi, iliyozoea kushindana na mashine:

"Lamar, hivi ikiwa ni peremende tu, nayo inahesabika?"

Duka zima likageuka. Mtu mmoja kwenye ndoano za samaki akasema taratibu, "Peremende gani hiyo, mzee wangu?"

"Za mgongo!" Verlin akafoka. "Daktari kaniandikia! Nina kadi ya jimbo!"

Ni kweli, alikuwa nayo. Ukisimama maisha yako yote unachonga vichwa vya watu, mgongo unakudai. Jimbo letu limeruhusu bangi kama dawa, na Verlin alikuwa anapata kipande kimoja cha kutafuna, ladha ya tufaha, kabla ya kulala. Akaanza kupekua mfukoni aitoe ile kadi.

Lamar akajifunika macho kwa viganja vyote viwili. "Usinionyeshe! Wee mtu, usinionyeshe!"

"Picha yangu imetoka vizuri, ona."

"Haya. Nimeshaona. Umetuua wote." Lamar akashusha mikono, akavuta ile karatasi kwake. "Sikiliza, kaka. Jimbo limekuruhusu peremende. Washington, serikali kuu, haijakuruhusu. Kwa Washington wewe ni mtumia bangi, uvute, utafune, ujipake kama losheni. Na mtumia bangi haruhusiwi bunduki. Mimi nikijua una kadi, siwezi kukukabidhi."

"Basi naandika situmii."

"Huo ni uongo kwa serikali. Una jela yake."

"Basi dada yangu Loretta aje, ajaze yeye, aichukue, anipe hapo nje kwenye gari."

"Hilo nalo ni kosa, lina jela yake pia. Tena umelipanga mbele ya nusu ya mji." Lamar akainama, akapunguza sauti. "Verlin. Na zile za kabatini kwako?"

"Zile za marehemu baba?"

"Sheria haisemi usinunue tu. Inasema usiwe nazo."

Hapo ndipo mzee alipokaa chini, juu ya boksi la viatu vya theluji. Alikuwa ameingia kuchukua bunduki moja, anatoka hana hata moja. Na jina jipya juu.

Maana jina halikungoja. Kabla ya chakula cha mchana lilishafika kanisani. Jumatatu mteja wa kwanza alikaa kitini, akatandikiwa shuka, akasema, "Nipunguzie pembeni, Peremende." Verlin akampunguzia pembeni mpaka pembeni pakaisha. Haikusaidia.

Sasa mtasema, bunduki tu, si akae nyumbani aangalie mpira? Ngoja niwaeleze kuhusu kitanda.

Akina Stahlnecker wana kambi yao ya kuwindia huko mlimani, nyumba ya magogo aliyoijenga babu yao. Ndani kuna jiko la kuni, na kando ya jiko kitanda kimoja cha chini. Vingine vyote ni vya ghorofa, dirishani, vinapigwa na upepo unaoingia bila hodi. Babu aliacha sheria moja: kitanda cha jikoni ni cha mkubwa wa ukoo aliyewinda majira yale ya baridi. Asiyewinda anapika, na analala juu dirishani. Uamuzi unatolewa msimu ukifungwa, Januari.

Mkubwa ni Verlin. Anayefuata ni Loretta, dada yake, dereva wa basi la shule, mwanamke anayeweza kunyamazisha watoto basi zima kwa kutumia kioo cha nyuma tu. Alikuwa anakitamani kile kitanda miaka na miaka. Na kwa mgongo ule, Verlin asingeweza kupanda kitanda cha juu hata kwa winchi. Akipoteza kitanda, amepoteza kambi. Hiyo hakuisema, lakini kila mtu aliijua, ndiyo maana tulimcheka kwa adabu kidogo.

Loretta akaja na gari kuhamishia zile bunduki za baba kwake. Alizibeba na uso wa msibani, bega linatikisika. Kulia? Wapi! Anacheka tumboni.

"Pole sana, kaka yangu."

"Toka hapa."

"Nitazitunza. Na ile raifo mpya?"

Zimamoto walikubali Verlin amwachie dada yake zawadi, iwe ya Loretta kweli. Loretta akaenda dukani, akajibu maswali kwa jina lake. Lamar akamkazia macho. "Ni yako? Humchukulii mtu?"

"Yangu kabisa. Peremende hata kuinusa hatainusa."

Verlin akajaribu kuacha zile peremende. Wiki ya pili alikuwa ameinama upande kama mnara unaotaka kuanguka, na wateja wakawa wanatoka na nywele za mshazari. Mji mzima ukawa umekatwa kufuata mgongo wake. Mke wa mchungaji ndiye aliyemwomba, kwa niaba ya umma, arudie dawa. Akarudia.

Msimu wa raifo ulipofunguliwa, Verlin alipika. Alipika vibaya kwa makusudi, lakini alipika. Loretta akaangusha paa dume mwenye mapembe kama kiti, kwa ile raifo ya jozi. Akarudi anaimba. Halafu akajinyoosha juu ya kitanda cha jikoni, "napima tu", akasema.

Siku moja ya Desemba Lamar akaja kunyolewa. Akatandikiwa shuka, akaangalia mlango, akasema, "Gobole."

"Nani gobole?"

"Sikutukani. Msimu wa magobole, Peremende. Baada ya Krismasi. Gumegume, baruti ya kumimina mdomoni, la jiwe na cheche. Kwa Washington, dude kama lile la babu yako ulilotundika hapo ukutani ni kitu cha kale, halihesabiwi bunduki."

Mkasi ukasimama hewani. "Rudia."

"Nirudie nini, mimi muuza ndoano? Kamuulize wakili."

Akaenda kwa wakili. Wakili akasoma, akapiga simu, akasoma tena, akamwambia: kwa hali yako, kwa jimbo letu, sawa. Kuna majimbo yanahesabu gobole ni bunduki kama bunduki nyingine, kwa hiyo ukivuka mpaka usinitaje. Na siku ya kuwinda, peremende ikae kabatini.

Krismasi ikapita. Verlin akaingia kambini na gobole la babu, refu kuliko yeye. Loretta alikuwa ameshahamishia mto wake kwenye kitanda.

"Toa mto, dada. Nimekuja kuwinda."

"Na nini?"

"Na hii."

"Hii ni nini?"

"Unaiona ni ufagio?"

Loretta akakunja mikono. "Ni bunduki?"

Verlin akaligeuzageuza lile gobole mikononi. Binamu zao wote wakaacha kutafuna.

"Sema, Peremende. Ikiwa ni bunduki, huruhusiwi kuishika, nampigia Lamar sasa hivi. Ikiwa si bunduki, basi umekuja kutembea porini na bomba, na mtu anayetembea na bomba hajawinda. Ni mpishi anayetembea."

Jamani, yule mama angesoma sheria tungekuwa wote ndani. Verlin akachukua bomba lake akatoka kwenye theluji.

Loretta akamfuata ili awe shahidi kwamba hakutokea kitu. Akasimama mti wa pili. Wakakaa. Baridi ya kukata masikio. Halafu paa jike akatoka kwenye misonobari, akasimama ubavu wazi, karibu kabisa, anatafuna.

Verlin akavuta. Jiwe likagonga: ta. Baruti ya pembeni ikafanya fsss. Mzee akasubiri, paa akasubiri, Loretta akasubiri. Kisha PUU! Moshi mweupe ukameza kila kitu, mzee, mti na nusu ya mlima.

Moshi ulipopungua, paa alikuwa palepale, anamwangalia Verlin kama mteja aliyeonyeshwa kisogo chake kwenye kioo. Mzee akaanza upya: mimina baruti, sukuma goroli, kandamiza kwa ufito, shika mgongo, tukana kidogo. Paa akachoka kusubiri foleni. Akaondoka kwa miguu yake, bila haraka.

Loretta alirudi kambini anakimbia. "Amekosa! Amekosa paa aliyesimama! Leteni mkasi!"

Maana kambi za huku ukimkosa mnyama, unakatwa pindo la shati, linapigiliwa ukutani na jina lako. Wote wamekatwa. Loretta mwenyewe ana mapindo mawili pale ukutani.

Verlin akaingia, akavua koti bila ubishi. Akageuka, akatoa shati nje ya suruali, akainama kidogo ili dada apate nafasi. Kwa kinyozi, alikuwa mteja mtulivu mno. Loretta akakata kipande kikubwa kama leso, mgongo ukabaki wazi. Akaandika PEREMENDE kwa herufi kubwa. Akapigilia msumari, mwenyewe, kwa nyundo.

"Dada," Verlin akasema bila kugeuka, "humu ndani hukatwa shati la nani?"

"La mwindaji aliyekos..."

Nyundo ikabaki juu.

"Endelea."

"Verlin, usianze."

"Mpishi huwa anakatwa shati? Umewahi kuona pindo la mpishi ukutani? Mimi sijauliza kama ni bunduki. Nimeuliza ulimkata nani."

Binamu mmoja akapaliwa na kahawa. Loretta akalitazama lile pindo, akautazama msumari wake mwenyewe, akamtazama kaka yake aliyekuwa anatabasamu chini ya brashi ya viatu. Akaenda, akachukua mto wake, akapanda juu dirishani.

"Shati lenyewe la kizamani," akasema kutoka juu.

Verlin alikuwa ameshajilaza kando ya jiko, mgongo wazi umeelekea motoni, anaguna kwa raha kama paka.

Haya sasa, zamu yenu. Nani kwenu aliwahi kupewa ruhusa na mkubwa mmoja, akanyimwa na mkubwa mwingine, akabaki katikati na jina la ajabu? Dondosheni hapo chini. Ndugu zenu mnaweza kuwaficha majina. Hayo ya utani tuleteeni yote.