Nkasiogi na Chemchemi ya Jiwe Jeusi

Hebu mwone, msomaji wangu, mwanamke akishuka kutoka Mlima Meru asubuhi na mfuko wa ngozi begani. Ndani hamna ndizi wala maharage. Mna mawe. Anafika kwenye ngome ya Wadachi pale Arusha, bado mpya, na askari wa lango anamcheka: "Mama, umekuja kutuongezea ukuta?"

"Ukuta mnao," anajibu. "Nimewaletea akili."

Jina lake Nkasiogi, Mwarusha, mwenye migomba na mbuzi wachache. Watoto wake wakubwa walikuwa na meno ya rangi ya kutu na miguu iliyopinda. Watu wakasema ni laana. Yeye akauliza: laana gani hii inayofuata kijito? Basi kila kiangazi, miaka minne, aliupanda mlima akivifuata vijito mpaka vinakotokea. Alilamba mawe. Siku moja alikaa juu ya mti kutwa nzima, nyati akimngoja chini kama mdai. Siku nyingine aliporomoka na majivu ya mlima, ngozi ya goti ikabaki hukohuko. Akajua: maji yanayopita kwenye jiwe jeupe la chumvichumvi ndiyo yanayoharibu. Yanayotoka chini ya jiwe jeusi ni salama, na chemchemi ya namna hiyo ilikuwa moja tu, juu ya migomba yake.

Sasa Mdachi mpima mawe alikuwa anagawa maji: kijito hiki cha wenyeji, kile cha shamba la mlowezi. Na Naeku, kitinda mimba wa Nkasiogi, alikuwa na mimba ya kwanza. Mama hakuweza kukaa nyumbani.

Akamwagia mpima mawe yake mezani, akamweleza habari ya vijito na meno. Mpima akacheka. Solomoni, mkalimani wa misheni, akatafsiri: "Yeyo, mama yangu, anasema hayo meno ni uchafu tu."

"Mwambie aniletee wapagazi wake."

Wakaja sita. Akawafumbua midomo mmoja mmoja kama anayenunua ng'ombe. "Wewe umekua kwenye kijito cha jiwe jeupe. Wewe pia. Wewe hapana, wewe ni mgeni, na unanuka ugoro." Hakukosea hata mmoja. Wapagazi wakaangua kicheko. Mpima akaacha kucheka. Akafuatana naye mlimani siku tatu, akalamba alipolamba, akaandika kila neno.

Mwezi haukuisha, vigingi vikapigwa. Chemchemi ya jiwe jeusi: shamba la mlowezi. Kijito cha jiwe jeupe: wenyeji.

"Yeyo, mimi nilitafsiri tu," Solomoni akasema, macho chini.

"Ulitafsiri vizuri mno, mwanangu."

Hapa ndipo damu inaponichemka. Laiti yule mpima angekuwa mjinga, tungesema hakuelewa. Alielewa! Angemdharau yule mama mpaka mwisho, pengine chemchemi ingebaki. Alimsadiki, na kwa kumsadiki akamnyang'anya. Kwenye ramani yake akaandika jina lake mwenyewe, wala hakuna Nkasiogi popote.

Mtoto wa Naeku alipong'oa meno ya utotoni, yaliyoota yalikuwa ya rangi ya kutu. Majirani wakamgeukia bibi: "Nani alikutuma useme? Ungenyamaza, tungekuwa tunakunywa maji yetu!"

Nkasiogi alimpakata mjukuu. Haya, wewe msomaji wangu: ungekuwa na ukweli ule mfukoni na binti mjamzito nyumbani, ungenyamaza?